Mwenyeji, Mpangaji na Mgeni: Utangulizi wa Elimu ya Vidhibiti-Diski katika Bonde la Mto Tana

Mwaka 1879 mtaalamu wa wanyama wa Berlin, Wilhelm Peters, aliwaandikisha katika vitabu vya sayansi wakazi wawili wa misitu ya Mto Tana: mbega mwekundu na mangabei mwenye kishungi. Wote wawili hawapatikani kwingine duniani ila kando ya mto huu. Mbega wa watu ameshahamishwa ukoo mara kadhaa tangu hapo. Alianza akiwa Colobus, akafanywa Procolobus, leo wengi wanamwita Piliocolobus, na muda wote huo yeye yuko juu ya mkuyu anakula majani, hana habari.

Nalitaja hili ili ijulikane kwamba uainishaji si jambo geni katika kaunti yetu, na kwamba ugomvi wa wataalamu juu ya nani aingie ngeli ipi haumpunguzii mhusika hata jani moja. Kiumbe tunachokiainisha leo hakina mkia. Ni kidhibiti-diski, yaani kile kijisehemu cha kompyuta kinachopokea maagizo ya prosesa, kikayafikisha kwenye diski na kurudi na majibu. Mtu anayejiundia kompyuta nyumbani Garsen, Ngao au Tarasaa, awe mwenye studio ya video za harusi, mwenye saiba, au mwalimu anayetunza mitihani ya miaka yote, hufika mahali akaulizwa: utatumia kidhibiti kilichokuja na mazabodi, au utanunua kadi uichomeke pembeni?

Maandishi yaliyopo juu ya swali hili ni mengi na yana kasoro moja kubwa. Yameandikwa na watu ambao stima yao haikatiki. Hupima megabaiti kwa sekunde, wakiwa katika chumba chenye kiyoyozi, na duka la vipuri liko ng'ambo ya barabara. Mtafiti wa Garsen huanzia kwingine kabisa.

Huanzia mtoni. Tana hii inayotupita imeshafanya kazi huko juu kabla ya kutufikia: Kindaruma tangu 1968, Kamburu tangu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa matano yanazungusha mitambo, umeme unaingia gridi ya taifa, na sisi wa mwisho wa mto tunapokea maji yaliyokwisha kutumika pamoja na stima inayokuja ikipenda. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizimika, na tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ikazimika tena. Nairobi hiyo ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Garsen, ya kwanza ilikuwa Ijumaa na ya pili ilikuwa Jumapili.

Halafu kuna umbali. Malindi ni kama kilomita 110, na Mombasa ni mara mbili ya hapo. Kisichouzwa Garsen huja kwa basi hadi Minjila, pale njia ya Lamu inapoachana na ya Hola na Garissa, na mto ukifura hata basi huwa halina la kusema. Mwishoni mwa 2023 maji yaliifunika barabara ya Lamu pale Lango la Simba, na Aprili na Mei 2024 mafuriko yakarudi. Kutokana na hali hiyo nimeunda kipimo ambacho nakikabidhi kwa taaluma bila malipo, nacho ni Kipimo cha Minjila: kifaa hiki kikifa leo magharibi, je, mbadala wake uko upande huu wa Minjila? Kasi, idadi ya tundu na urembo wa boksi vitafuata baadaye, kama vitafuata.

Kabla ya kuwaweka watu kwenye ngeli zao, nasaba kwanza. Mwenyeji wa leo naye alikuja akiwa mgeni. IBM PC XT ya 1983, yenye diski ya megabaiti 10, ilikuwa na kidhibiti kwenye kadi nzima iliyotengenezwa na Xebec, na mazabodi yenyewe haikujua kama diski ipo duniani. Mwaka 1986 Compaq wakaanza kuuza mashine zenye diski za IDE, ambazo sehemu kubwa ya udhibiti ilikuwa imehamia kwenye diski, na kadi ikabaki na kazi ya utarishi. Mwaka 1995 chipu ya Intel iitwayo PIIX ikamwingiza tarishi huyo ndani ya mazabodi. Akapewa chumba, na tangu hapo ukimuuliza kwao ni wapi anakujibu kwa uso mkavu kwamba yeye ni wa papa hapa. Mwanachuoni mkali atadai kwamba kidhibiti halisi kimo ndani ya diski na hivi tunavyovibishania ni madalali tu. Anasema kweli, wala asialikwe chai.

Ngeli ya kwanza, basi, ni Mwenyeji. Huyu amezaliwa ndani ya chipu kuu ya mazabodi. Utamjua kwa tundu zake zilizokaa pamoja ukingoni, zikiwa na namba zinazoanzia 0 au 1 kutegemea kama aliyezichapa alikuwa mhandisi au binadamu. Kwa kawaida huja na tundu nne au sita za SATA, zile za kuchomekea waya wa diski. SATA ya kizazi cha tatu hupitisha kama megabaiti 600 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka ya kawaida, hata iliyo nzuri, haifikishi hata nusu ya hapo. Kwa hiyo anayekushauri ununue kadi ili diski ya kuzunguka iende mbio ana kadi ya kuuza.

Mwenyeji ana aibu yake ya kihistoria. Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilitangaza kwamba chipu zake mpya za mfululizo wa 6 zilikuwa na transista iliyopewa volteji kupita kiasi, na kwamba tundu nne za SATA za kasi ndogo zingedhoofika kadiri siku zinavyokwenda. Tundu mbili za kasi kubwa hazikuguswa. Gharama ya kurekebisha na kubadilisha ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Mambo ya Wazungu, utasema. Lakini kompyuta za ofisi za kizazi hicho, OptiPlex 790 na 990 za Dell, Compaq 8200 Elite za HP na wenzao, zilipochakaa machoni pa Ulaya hazikuzikwa. Zilipewa cheo cha eksi-yukei. Nyingi zina chipu iliyokwisha kurekebishwa, kwa hiyo asianze mtu kupiga mayowe dukani; ila mwenye mazabodi ya mwaka huo asiyoijua ilikotoka atachomeka diski ya harusi za watu kwenye zile tundu mbili za kasi, na zile nne ataziachia kisoma-sidii.

Tabia yake nyingine ni kumeza tundu zake mwenyewe. Katika mazabodi nyingi za siku hizi, ukichomeka diski bapa ya M.2, tundu moja au mbili za SATA zinazimika papo hapo bila taarifa, kwa sababu zinagawana njia moja. Fundi hubadilisha waya, akabadilisha diski, akalaumu stima. Jibu limo kwenye kitabu cha mazabodi, kile kinachotumika kuzibia pengo la dirisha.

Ngeli ya pili, Mpangaji, ndiyo iliyowachanganya wataalamu wengi, maana anaishi ndani ya nyumba na si wa nyumba hiyo. Ni chipu ya kampuni nyingine, JMicron, Marvell au ASMedia, iliyolehemiwa kwenye mazabodi ili mwuzaji aandike "tundu nane" kwenye boksi. Tundu zake mara nyingi zina rangi tofauti na hukaa kando. Chukua Marvell 88SE9128, iliyowika wakati SATA ya kizazi cha tatu ilipoingia: iliahidi megabaiti 600 kwa sekunde huku ikiwa imekaa kwenye njia moja ya PCIe ya toleo la pili, ambayo mwisho wake ni 500. Wapangaji si watu wabaya. Wape kisoma-sidii, wape diski ya sinema. Kosa ni kugawa kundi moja la diski kati ya Mwenyeji na Mpangaji kisha ukashangaa kwa nini mambo yanakwenda upande upande.

Sasa tumfikie Mgeni, yaani kadi, na hapa itatubidi tukae, kwa sababu ngeli hii ina makabila manne na matatizo yote ya taaluma yametoka humo.

La kwanza ni Mgeni Mwenye Mizigo. Hii ni kadi ya bei rahisi yenye tundu kumi, kumi na sita, hata ishirini, inayoonekana kwenye simu usiku na kumkosesha mtu usingizi. Ndani yake kuna chipu moja ya kawaida, na nyuma ya chipu hiyo kumepangwa vigawanyaji, tundu zote zikisubiri zamu kwenye njia ileile moja nyembamba. Diski moja ikikwama, jirani zake nazo hukwama. Tumpishe apite.

La pili ni Mgeni Mwenye Makuu, yule anayejiita RAID, yaani utaratibu wa diski nyingi kufanya kazi pamoja kama moja, wakati kazi yote inafanywa na prosesa yako kupitia draiva. Nasaba yake ina kisa kinachostahili kufundishwa vyuoni. Miaka ya mwisho ya tisini kampuni ya Promise iliuza kadi mbili, Ultra66 ya kawaida na FastTrak66 ya RAID, ya pili kwa bei ya juu. Wadadisi wakagundua kwamba ukiilehemu rezista moja kwenye Ultra66 na kuiwekea programu ya dada yake, inaamka asubuhi ikiwa FastTrak66. Mbega na mangabei wanatenganishwa na mamilioni ya miaka. Hawa walitenganishwa na rezista. Kabila hili baadaye lilihamia kwenye mazabodi zenyewe, ndiyo maana ukiingia kwenye mipangilio ya kompyuta utaona neno RAID likikukonyeza. Usilijibu. La Intel lina nafuu kidogo, kwa kuwa programu ya Linux iitwayo mdadm hulisoma. Mengine mengi yatakuacha njiani siku mazabodi itakapokufa.

La tatu ni Mgeni Mwerevu. Huyu ana prosesa yake, kumbukumbu yake, mara nyingine betri yake, na katika seva za benki ni kiungo cha heshima. Ni mjukuu wa wazo zuri, RAID yenyewe: mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley walipendekeza kwamba diski nyingi za bei nafuu, zikifanya kazi pamoja na kufidiana, zinaweza kushinda diski moja ya bei kali. Mjukuu ameikuza hoja hiyo mpaka kadi ikawa ghali kuliko diski zote inazozilinda.

Akifika Garsen, werevu wake unageuka mzigo. Kasi yake inatokana na kuipokea data kwenye kumbukumbu na kusema "nimeshaandika" kabla hajaandika. Uongo huo unavumilika kwa sababu betri huitunza data stima inapokatika, kwa siku mbili tatu hivi. Lakini betri hiyo haipendi joto, na chumba cha Garsen chenye nyuzi 30 na zaidi si mahali pa kuzeekea. Ikichoka, kadi nyingi huacha kuiamini kumbukumbu na kuanza kuandika moja kwa moja kwenye diski. Hapo mwenye kadi anakuwa na kifaa ghali kinachokwenda pole kuliko cha bure. Chipu zake nazo ziliundwa kukaa ndani ya seva zenye feni zinazopuliza mfululizo. Ukiiweka kwenye boksi la nyumbani bila kuifungia kifeni, itakuunguza kidole kabla ya kukuunguzia data.

Hilo la joto bado si kubwa. Kubwa ni lugha. Mgeni Mwerevu huandika kwenye diski kwa mpangilio wake mwenyewe, na akifa, diski nzima nne zilizo na afya hubaki bubu mpaka apatikane ndugu yake wa ukoo uleule. Mahojiano yafuatayo ni ya kinadharia, ila mafundi watayatambua:

— Fundi, diski zote nne ni nzima?

— Ni nzima, mwalimu.

— Na data imo?

— Imo yote.

— Basi nifungulie.

— Mwalimu, ufunguo ulikuwa ni ile kadi.

Ukipitisha Kipimo cha Minjila hapo, jibu linajileta lenyewe. Ndugu wa kadi ile yuko Nairobi, au Mombasa kama kuna bahati, au ndani ya meli.

Kabila la nne ndilo lililodharauliwa na ndilo ninalolitetea: Mgeni Mjinga. Kazi yake ni kuongeza tundu, basi. Hana betri, hana maoni, haandiki alama yake popote kwenye diski. Katika kabila hili kuna kadi ndogo za ASM1061, tundu mbili kwenye njia moja ya PCIe, ambazo Linux na Windows za leo huzitambua bila kuulizana maswali. Kuna pia ukoo mkubwa wa chipu ya LSI SAS2008, na hapa ipo hadithi ya toba. Kadi ya IBM iitwayo ServeRAID M1015 ilizaliwa Mwerevu kidogo. Watu wakagundua kwamba inaweza kufutwa programu yake na kuwekewa ile ya LSI 9211-8i, ikaacha mambo ya RAID kabisa na kubaki kupitisha diski nane jinsi zilivyo. Sijui kifaa kingine ambacho bei yake ya mtumba ilipanda kwa kufanywa mjinga.

Ujinga huo ndio unaoziacha diski huru. Kundi la diski lililopangwa na mdadm au ZFS hubeba maelezo yake lenyewe, kwa mpangilio ambao Linux yoyote yenye programu hizo inausoma. Mashine ikifa, unazichomoa, unavuka barabara, unazichomeka kwenye eksi-yukei ya jirani, na harusi za watu zipo. Haidhuru kule zilikuwa kwa Mwenyeji na huku zimefikia kwa Mgeni. Prosesa itafanya kazi ya ziada, kweli. Lakini prosesa hiyo ya ofisi ilikuwa imekaa bure tangu ilipoondoka Uingereza.

Kuhusu ikolojia ya Mgeni nitasema machache. Anaishi kwenye mpasuo wa mazabodi akishikwa na skrubu moja, wakati mwingine bila hata hiyo. Unyevu wa delta huzishambulia zile shaba za ukingoni, na mafundi wetu wana tiba ya siku nyingi: chomoa, sugua kwa raba ya penseli, futa, rudisha. Inafanya kazi kiasi cha kutia aibu. Mtikisiko nao ni adui. Kompyuta iliyosafiri kwa bodaboda kutoka Garsen hadi Ngao ikikataa kuziona diski, usiite mtaalamu kabla hujaifungua na kuisukuma kadi kwa kidole gumba. Mwenyeji hana ugonjwa huu, kwa sababu amelehemiwa.

Wapo pia Wapita-Njia, yaani maboksi ya nje ya USB, ambao kwa idadi yao ndio wenye mji. Wanafaa kubebea, hawafai kukalia. Waya ukiguswa na paka, diski imeondoka katikati ya sentensi. Na baadhi yao, kama aina kadhaa za My Book za WD, huifunga data kwa usimbaji unaofanyika ndani ya bodi yao ndogo, kiasi kwamba ukiitoa diski na kuichomeka kwa Mwenyeji unaona takataka tupu. Ni ujanja uleule wa Mgeni Mwerevu katika nguo za bei nafuu.

Haki itendeke: ziko siku ambazo Mgeni hana mbadala. Mashine nyembamba za ofisi huja na tundu mbili au tatu, na mtu mwenye diski tano hawezi kuzilisha kwa maombi. Tena radi za msimu wa mvua hupita kwenye waya na kuua tundu za SATA huku sehemu nyingine yote ya mazabodi ikiwa hai. Fundi asiye na subira huitangaza maiti. Fundi mwenye kadi ya tundu mbili kwenye droo huichomeka, akahakikisha kwamba kompyuta ile inakubali kuwakia hapo, na saiba inafunguliwa adhuhuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sijaona mahali methali hii ilipotimia kwa usahihi wa kiufundi kama huo.

Ngeli zote hizi hazina msaada kwa jambo moja, nalo ni maji. Mwenyeji, Mpangaji na Mgeni huzama kwa kasi ileile. Kundi la diski linalofidiana ndani ya boksi moja, sakafuni, mita chache juu ya mto, ni hasara iliyopangwa vizuri. Nakala moja ikae nje ya bonde, kwa shangazi wa Malindi ikibidi, naye aambiwe si ya kurekodia tamthilia.

Hukumu yangu ni hii. Nunua mazabodi yenye tundu sita za Mwenyeji, au eksi-yukei yenye nyingi kadiri utakavyopata, na pesa uliyotaka kuipeleka kwenye kadi ipeleke kwenye UPS. Diski zipange kwa programu, si kwa chipu. Tundu zikikwisha, mkaribishe Mgeni Mjinga, na Mwerevu umwachie benki. Na ukiagiza kadi hiyo kutoka Mombasa, agiza mbili zinazofanana: moja ichomeke, ya pili iweke kabatini kabla ya mvua za Machi.